Sonata sita za Haydn zilizofika kwa fotokopi

Desemba 1993, jijini London, H. C. Robbins Landon alitangaza kwamba sonata sita za kinanda za mtunzi wa Austria Joseph Haydn, zilizotungwa miaka ya 1760 na kupotea, zimepatikana. Landon hakuwa mbabaishaji. Mzaliwa wa Boston, mwaka 1949 alianzisha shirika la Haydn Society, na kati ya 1976 na 1980 alitoa majuzuu matano mazito juu ya maisha na kazi za mtunzi huyo. Pamoja naye walisimama mpiga piano Paul Badura-Skoda wa Vienna na mkewe Eva, mtaalamu wa historia ya muziki. Jarida la muziki la BBC likaipamba habari kwa toleo la Januari 1994. Wiki chache tu zikapita, Taasisi ya Joseph Haydn ya Köln ikatoa kauli kwamba sonata hizo ni za bandia, na Landon akakiri kuwa wamepigwa changa la macho.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha wataalamu walioumbuka. Kichekesho kipo, lakini hakieleweshi kitu. Watu watatu wenye masikio makini na kumbukumbu pana waliteleza kwenye hatua moja inayoweza kutajwa kwa jina, na hatua hiyo bado inawatelezesha wengine.

Tuanze na daftari. Kuanzia katikati ya miaka ya 1760 Haydn aliweka orodha ya kazi zake, ambayo wataalamu huiita kwa Kijerumani Entwurf-Katalog. Mwaka 1765 mwajiri wake, Mwanamfalme Nikolaus Esterházy, alikuwa amemkaripia kwa maandishi na kumtaka atunge kwa bidii zaidi; wengi huona kwamba daftari hilo lilikuwa jibu lake, yaani ushahidi wa kazi aliyoifanya. Namna ya kuorodhesha ilikuwa rahisi. Kwa kila kazi huandikwa kianzio, yaani noti za baa chache za kwanza (baa za muziki, si za bia). Kianzio ni kama alama ya kidole: "sonata katika D" zaweza kuwa ishirini, lakini noti hizi kwa mpangilio huu ni za sonata moja.

Humo mna vianzio vya sonata saba ambazo muziki wake haupo popote. Katika orodha kubwa ya Anthony van Hoboken, ambayo juzuu lake la kwanza lilitoka 1957, zimepewa alama XVI:2a hadi 2e, kisha 2g na 2h. Christa Landon alipohariri sonata zote za Haydn huko Vienna miaka ya 1960, alizipanga 62 kwa mfuatano wa nyakati, na zile saba akaziachia nafasi zao, nambari 21 hadi 27: namba ipo, kianzio kipo, muziki hakuna. Christa aliwahi kuwa mke wa Robbins Landon. Kwa hiyo pengo ambalo Landon alitangaza kuwa limezibwa lilikuwa limechorwa na mtu aliyewahi kuwa wa nyumbani kwake, na mtu anayelijua pengo kwa ukaribu huo huwa na hamu kubwa ya kuliona limezibika.

Sonata zenyewe zilimfikia Badura-Skoda kutoka Münster, Ujerumani, kwa mkono wa Winfried Michel, mpiga filimbi na mhariri wa muziki wa kale. Zilikuja kama fotokopi za nakala ya mnukuzi, yaani mtu aliyenakili muziki kwa mkono. Maelezo yalikuwa kwamba asili inamilikiwa na bibi mmoja mzee asiyetaka kutajwa. Katika zile saba, zilizopatikana ni sita: 2a hadi 2e, pamoja na 2g. Kila moja ilianza na noti zilezile za kwenye daftari.

Michel hakuwa mgeni wa mtindo huo. Alikwisha kuchapisha muziki wa namna ya karne ya 18 kwa jina la kubuni la Kiitalia, Giovanni Paolo Simonetti. Yaani aliyeleta fotokopi alikuwa mtu mwenye uwezo unaojulikana wa kutunga vitu vya aina hiyohiyo. Jambo hilo peke yake halimtii mtu hatiani, lakini lilitosha kumfanya mpokeaji aulize swali la pili kabla ya kukaa kwenye piano.

Ufunguo ambao kila mtu anao

Kosa lenyewe liko kwenye kianzio. Hoja iliyoshika ilikuwa hii: Haydn ameandika mwanzo wa sonata hizi kwenye daftari lake, hizi hapa zinaanza vivyo hivyo, basi ndizo. Inaingia akilini upesi, na imewahi kuleta matunda. Mwaka 1961 mtaalamu wa muziki Oldřich Pulkert alikuta katika Makumbusho ya Taifa ya Prague konsato ya Haydn ya selo na okestra katika C meja, VIIb:1 katika orodha ya Hoboken. Nayo ilikuwa inajulikana kwa kianzio tu. Ilipigwa Mei 1962, Miloš Sádlo kwenye selo na Charles Mackerras akiongoza, na leo ni chakula cha kila siku cha wapiga selo duniani.

Lakini daftari la Haydn halikuwa siri. Mwaka 1941 mtaalamu wa Denmark, Jens Peter Larsen, alilichapisha kwa picha za kurasa zake. Tangu hapo yeyote mwenye kadi ya maktaba angeweza kunakili vianzio vyote saba kwa mchana mmoja. Kianzio kinachojulikana na kila mtu huthibitisha zile baa chache tu. Kuanzia baa inayofuata hakisemi lolote, na ni huko ndiko sonata nzima iliko. Anayetaka kughushi huanza na ufunguo uliokwisha kuchongwa, kisha anatengeneza kitasa cha kuufuata. Mtazamaji akiona ufunguo umezunguka anadhani amefungua mlango wa zamani.

Mbona basi konsato ya Prague inaaminika, ilhali mwaka 1961 kianzio chake kilikuwa hadharani kwa miaka 20? Kwa sababu kianzio kilitumika kuitambua tu. Kilichoithibitisha ni mengine. Zilikuwepo karatasi zenyewe, sehemu za wapigaji zilizonukuliwa karne ya 18. Mahali zilipotoka palijulikana: mkusanyo wa ngome ya Radenín huko Bohemia, uliofika makumbusho pamoja na mamia ya vitu vingine ambavyo hakuna aliyekuwa na haja ya kuvighushi. Na hakuna aliyezileta mkononi. Zilikuwa rafuni zikingoja mtu wa kuzisoma. Nje ya vianzio, sonata za Münster hazikuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Fotokopi inameza nini

Aliyeshika karatasi ya asili ana vipimo vingi vya kufanya kabla hajasikiliza noti hata moja. Inafaa kuvipitia, maana ndipo inapoonekana wazi fotokopi iliwanyima nini watu wale.

Karatasi ya muziki ya enzi ya Haydn ilitengenezwa kwa mkono, karatasi moja moja, kwa chekecheo la waya. Ukiielekeza kwenye mwanga unaona mistari ya waya na alama ya maji ya kiwanda. Karatasi nyingi zilizotumika Vienna zilitoka kaskazini mwa Italia na zina alama ya miezi michanga mitatu. Mtengenezaji alifanya kazi na machekecheo mawili kwa zamu, kwa hiyo kila alama ina pacha wake anayefanana naye lakini si sawasawa. Mtaalamu wa hati za muziki Alan Tyson alitumia mapacha hao kupanga upya tarehe za kazi nyingi za Mozart. Hati ya kurasa za kutosha inatarajiwa kuwa na pacha wote wawili. Aliyeokoteza karatasi tupu za kale kutoka vitabu tofauti ili aghushi atakuwa na mchanganyiko wa alama zisizohusiana. Kwenye fotokopi hakuna alama ya maji.

Kipimo cha pili ni mistari. Stafu, yaani seti za mistari mitano ya kuandikia noti, zilichorwa kwa kalamu yenye ncha tano, au kwa chombo kilichochora stafu kadhaa kwa mpigo mmoja. Pima kwa milimita kutoka mstari wa juu kabisa wa ukurasa hadi wa chini kabisa, ukurasa baada ya ukurasa. Karatasi za fungu moja la duka hutoa kipimo kilekile, na kipimo hicho huweza kulinganishwa na hati nyingine zenye tarehe. Mashine ya fotokopi hupunguza au kuongeza ukubwa bila kumwambia mtu, kwa hiyo milimita zako hazina maana tena.

Wino nao husema. Wino wa wakati ule ulitengenezwa kwa vivimbe vya mti wa mwaloni, chumvi ya chuma na gundi ya mgunga. Baada ya miaka hugeuka hudhurungi, hutia doa upande wa pili, na penye noti nzito hula karatasi hadi ikatoboka. Fotokopi hugeuza yote hayo kuwa nyeusi na nyeupe.

Kitu kimoja hubaki hata kwenye fotokopi nzuri, nacho ni mwendo wa kalamu. Unyoya wa bata bukini hunepa, na unene wa mstari hubadilika polepole kadiri mkono unavyokandamiza. Ncha ya chuma, iliyoenea kutoka viwanda vya Birmingham kuanzia miaka ya 1820, ina mpasuko mgumu: ukikandamiza, meno mawili yanaachana na kukwaruza karatasi, na wino ukipungua huacha mistari miwili myembamba iliyo wazi katikati. Vilevile hubaki maumbo: mnukuzi alivyokunja ufunguo wa C (alama ya mwanzo wa stafu inayoonyesha noti ya kila mstari), alivyoandika pumziko la robo, alivyopinda mkia wa noti, upande gani alianzia shina. Hayo hutofautiana kwa mji na kwa kizazi, na wanaotazama hati za Haydn kila siku huyatambua kama mwalimu anavyotambua mwandiko wa wanafunzi wake. Ndiyo maana watu wa Köln waliweza kusema hapana upesi, huku waliotazama muziki wakiendelea kusema ndiyo.

Kuileta kama nakala ya mnukuzi kulikuwa na faida nyingine. Mkono wa Haydn mwenyewe unajulikana mno, kuughushi ni kujitia kitanzi. Wanukuzi ni maelfu, wengi hawana jina, na hakuna anayetarajia kuwatambua wote. Tena mnukuzi husamehewa makosa. Penye noti ya ajabu, lawama anabeba yeye.

Hata makosa, hata hivyo, yana tabia zake. Mnukuzi anayechoka huruka kutoka baa moja hadi nyingine inayofanana nayo, akameza yaliyo katikati. Akihamisha mkono wa kulia kutoka ufunguo wa C, ambao mstari wake wa chini ni C, kwenda ufunguo wa G, ambao mstari wake wa chini ni E, huteleza na kuacha noti mahali pake pa zamani, ikasomeka tofauti kwa hatua ya tatu. Makosa ya namna hiyo yanatoka kwenye jicho. Anayepanda makosa makusudi kwa kawaida hupanda yale anayoyafikiria kama mwanamuziki: noti chungu katika akodi (noti zinazopigwa pamoja), alama ya nusu toni iliyosahaulika. Hesabu makosa yote ya hati, yagawe mafungu mawili, ya jicho na ya sikio. Fungu la sikio likizidi sana, simama.

Sikio lilikosea wapi

Badura-Skoda alikaa na noti, akazipiga, akazipenda. Hakuwa amepungukiwa na ujuzi, na wengine waliozisikia baadaye walisema hadharani kwamba muziki wenyewe ni mzuri. Mwaka 1994 mwanamuziki na msomi wa Marekani, Michael Beckerman, aliandika katika New York Times akiuliza, kwa kifupi, kama Haydn hakuzitunga, basi nini? Swali hilo lina utamu wake, lakini ni swali la msikilizaji. Anayehariri orodha ya kazi za Haydn halimsaidii.

Mtindo una nguvu ya kukataa kuliko ya kukubali. Kinanda alichokuwa nacho Haydn miaka ya 1760 hakikuzidi oktava tano. Noti ikivuka hapo, kazi si ya wakati huo. Alama za sauti kubwa na ndogo karibu hazipo katika sonata zake za mwanzo, na zinapojitokeza katika sonata ya C maina ya 1771, XVI:20, ni jambo la kuangaliwa. Hati ya miaka ya 1760 iliyojaa alama hizo inatia shaka. Kuna pia mambo ya ajabu yaliyo ya kweli: Kapricho ya G meja ya 1765, XVII:1, ina akodi za mkono wa kushoto ambazo vidole havifiki, mpaka utambue kwamba vinanda vya Vienna vilipangwa upande wa besi kwa oktava iliyofupishwa, yaani noti za chini zisizohitajika sana ziliachwa na zilizobaki zikakaribiana, na hapo mkono unafika bila taabu. Kitu kama hicho kikitokea ndani ya hati mpya, kina uzito. Lakini kwa kuwa hata hilo limeshaandikwa vitabuni, mghushi msomi anaweza kulitia.

Kwa hiyo kila kigezo cha mtindo ambacho mtaalamu amekichapisha ni somo kwa mghushi. Hapo ndipo hoja ya "nani mwingine angeweza kutunga hivi?" inapovunjika. Mpiga fidla Fritz Kreisler alipiga jukwaani kwa miaka vipande alivyodai ni vya watunzi wa kale Pugnani, Francoeur na Louis Couperin, na mwaka 1935 akasema ni vyake. Mpiga fidla mwingine, Marius Casadesus, alitoa konsato ya fidla ya "Adélaïde" kama ya Mozart mwaka 1933, na mwaka 1977, katika kesi ya haki za mtunzi, akadai ni yake. Masikio ya walioziamini hayakuwa mabovu.

Wala ridhaa ya mtunzi mwenyewe haitoshi. Kwarteti sita za nyuzi za "Opus 3" zilipita kwa jina la Haydn, naye uzeeni aliziacha zikaingia kwenye orodha ya kazi zake. Ile serenadi ya namba 5 imepigwa harusini kote Ulaya. Mwaka 1964 Alan Tyson akishirikiana na Landon, huyuhuyu, walionyesha kwamba kwenye bamba la uchapaji la mchapishaji Bailleux wa Paris kuna jina lililofutwa chini ya jina la Haydn: Hofstetter, ambaye ni mtawa Roman Hoffstetter. Ushahidi ulikuwa mkwaruzo kwenye bamba. Kwa hiyo Landon alijua vizuri kuliko wengi kwamba chuma na karatasi huamua pale sikio linapokwama, na bado miaka 29 baadaye alikubali muziki ambao karatasi yake hakuiona.

Mpangilio wa kazi

Kazi kama hii ina mfuatano, na mfuatano huo ukigeuzwa mambo huharibika kwa njia inayotabirika. Kwanza, asili mezani. Mmiliki asiyetaka kutajwa anaweza kuheshimiwa kikamilifu: hati huwekwa maktabani au kwa wakili kwa siku chache, wakaguzi wanaiona, jina linabaki siri. Anayekataa hata hilo amekupa jibu. Kisha mnyororo wa umiliki: nani alikuwa nayo, akaipata vipi, kuna muhuri wa maktaba, namba ya mnada, jina la familia? Pengo la miaka 50 si ajabu, pengo la miaka 200 ni hadithi. Baada ya hapo karatasi, mistari, wino, mkono. Muziki hufika mwisho, na anayeupiga asiwe ndiye anayetoa hukumu juu ya karatasi.

Kwa Haydn ilikuwa kinyume. Muziki ulipigwa kwanza, ukapendwa, na kila swali lililofuata likaulizwa na watu ambao tayari walikuwa na kitu cha kupoteza. Tarehe ya tangazo nayo husukuma. Jarida lina siku ya kwenda mtamboni, na ukaguzi wa alama za maji hauna siku.

Linganisha na yaliyotokea Leipzig Novemba 2025. Shakone mbili za ogani (vipande vinavyojengwa juu ya besi inayorudiwarudiwa), katika D maina na G maina, zilipewa namba 1178 na 1179 katika BWV, orodha ya kazi za Bach, kama kazi za kijana Johann Sebastian Bach, na mpiga ogani Ton Koopman akazipiga katika Kanisa la Mtakatifu Thomas. Mtaalamu wa Bach, Peter Wollny, alikuwa amezikuta mwaka 1992 katika Maktaba ya Kifalme ya Ubelgiji, Brussels, bila jina la mtunzi. Kwa zaidi ya miaka 30 hakuzitangaza kuwa za Bach. Kilichokosekana kilikuwa jina la mnukuzi, na lilipatikana kwa kulinganisha mwandiko na barua ya kuomba kazi iliyokutwa Thuringia: Salomon Günther John, mwanafunzi wa Bach. Barua hiyo haikuwa imechapishwa katika kitabu chochote ambacho mghushi angeweza kukisoma kabla.

Winfried Michel baadaye alizichapisha zile sita waziwazi, kama kazi alizozikamilisha yeye kutokana na vianzio vya Haydn. Badura-Skoda alizirekodi. Ukizisikiliza leo unajua unachosikiliza: baa chache za Haydn, kisha Michel. Katika orodha, nafasi 21 hadi 27 ziko wazi kama Christa Landon alivyoziacha. Ya mwisho, 2h katika A meja, haikuletwa na mtu hata kwa fotokopi.